Mkono wa Mama Kwenye Sinia

3 Machi

Wifi yangu wee,

Basi pale nilipoishia barua iliyopita, mbeba barua wetu Dereva Honi alipoanza kupiga lile lori lake honi utadhani nyumba inaungua, nilikuwa nakwambia daktari kavaa soksi mbili tofauti. Moja nyeusi, moja ya kijivu. Yeye anammulika mama jicho na katochi kadogo, mimi namtazama miguu, nasema moyoni, huyu ndiye atakayetia kisu kwenye jicho la mama? Lakini mkono wake umetulia. Mimi ni fundi nguo, mkono unaotetemeka naujua.

Kasema jicho linatibika! Ngoja nikuandikie kwa herufi kubwa, LINATIBIKA. Ni mtoto wa jicho tu. Anatoa kile kioo cha ndani kilichoingia ukungu, anaweka kingine, kesho yake wanafungua bandeji na mtu anaona. Wifi nilipiga kigelegele mle mle ndani, nesi akaniambia mama hapa si harusini.

Sasa tulia, kuna lakini. Walimtoboa mama kidole, kamashine kakatoa namba, nesi akamwonyesha daktari, daktari akavua miwani. Mama ana sukari. Ndiyo, kisukari, hicho hicho. Daktari anasema hakati jicho la mtu mwenye sukari iliyopanda hivyo, kidonda kitagoma kupona na jicho linaweza kwenda moja kwa moja. Katupa vidonge na katupa tarehe, mwisho wa Mei. Sukari ikishuka anakata. Isiposhuka nafasi anapewa mtu mwingine, sisi turudi nyuma ya foleni, na hiyo foleni ni ya mwakani. Jicho la pili nalo limeshaanza ukungu. Mwakani mama atakuwa gizani, wifi, sikutishi, ndivyo alivyosema.

Tukatoka pale, kaka yako akamwambia mama eti wanasubiri kipuri cha mashine ya kukatia macho. Kipuri! Si unamjua fundi mageti wetu, yeye kila kitu ni geti na kipuri. Mama akasema "haya." Hatukutaka kumtia hofu. Ndiyo maana nakuandikia barua, maana simu ya nyumba hii inakaa kifuani kwa mama, anaipokea yeye, tena kaiweka sauti ya juu kabisa, ukikohoa huko jirani anakwambia pole.

Sasa wewe Bosi uko kwenye jiko la hospitali kubwa, unawapikia wagonjwa wa kila namna, tupe maarifa. Mama anakula, nisikufiche. Mkono wake hautoki kwenye sinia mpaka sinia ing'ae. Na mimi siku zote nilikuwa najivuna, mama mkwe anayekula namna ile kwa mkamwana wake ni sifa mtaa mzima. Mwenye duka la vipuri hapo mbele mama mkwe wake anadonoa kama kuku mgonjwa, na watu wanasema, huyo hatunzwi. Wetu kajaa, kang'aa, mashavu haya. Kumbe ndiyo sukari yenyewe.

Nitumie na kipimo cha kiuno chako, kile kitambaa cha maua nimekipata. Kata uzi tu, uzungushe, uutie kwenye bahasha. Mwaka huu nguo zote za nyumba hii nimezitoa pindo, za kaka yako, za watoto, zangu mimi mwenyewe. Ni hii sabuni mpya, inasinyaza vitambaa.

Wifi yako akupendaye,
Cherehani (bado wananiita hivyo, eti mdomo wangu na mashine yangu havipumziki)


14 Machi

Wifi Cherehani,

Nimesoma barua yako chooni ili wenzangu wasinione nalia. Usimwambie kaka.

Sikiliza na ufuate kama ninavyoandika, usiongeze na usipunguze. Tatizo ni sinia. Watu wote mkono mmoja kwenye chombo kimoja, nani anajua mtu kala kiasi gani? Hapa kila mgonjwa ana trei yake. Nusu mboga za majani. Robo wali au viazi. Robo maharage, samaki au kuku asiyekaangwa. Matunda kidogo, siyo juisi. Anakula, anamaliza, trei inaondoka. Hakuna kuongezewa, hakuna kubembelezwa.

Kuleni kwa sahani. Chai isiwe na sukari. Vidonge asimeze na tumbo tupu, hilo ulishike sana. Ukimwona anatetemeka na kutoka jasho, mpe kitu cha sukari upesi halafu chakula.

Kuhusu kiuno, shona tu kwa kipimo cha zamani.

Wifi yako,
Bosi


2 Aprili

Wifi yangu,

Sahani imeleta vita ndani ya nyumba!

Nilikwenda mwenyewe kuinunua. Nyeupe, ina ua la bluu katikati, na mfuniko wake juu. Nikasema leo mama mkwe wangu atakula kama mgeni rasmi. Nikapakua kama ulivyosema, mboga nusu, wali kiganja, maharage, samaki wa kuchemsha. Nikamwekea juu ya stuli karibu na kiti chake. Sisi tukakaa chini mkekani na sinia yetu kama siku zote. Mama akapapasa. Akapapasa ukingo, akapapasa mfuniko.

"Hiki nini?"

"Sahani yako mama."

"Na nyinyi mnakula wapi?"

"Sisi tuko hapa chini mama, kwenye sinia."

"Kwani nina kifua kikuu?"

Kaka yako akapaliwa, mwanangu mkubwa akampiga mgongoni. Nikasema, "Mama, ni heshima hiyo, una sahani yako peke yako."

"Paka naye ana sahani yake peke yake," akasema, "tena pembeni hivi hivi."

Hakugusa! Usiku hakugusa. Asubuhi akasema hana hamu. Lakini vidonge anameza, kwa sababu tulimwambia ni vya jicho, na jicho analitaka! Kila siku barazani namsimulia nani kapita na kavaa nini, naye ananiambia, "Nikipona tu nitajua umenidanganya mangapi." Basi nimekaa kwenye mashine nashona mapazia ya watu, nikamsikia, "Mkamwana, mbona mikono yangu inacheza?" Narudi pale, jasho linamtiririka, kawa wa baridi kama chuma cha geti. Wifi nilikumbuka barua yako kama vile naisoma ukutani. Nikakoroga sukari kwenye maji, nikamnywesha, nikaita watu, nikalia huku namnywesha. Akarudi. Na unajua neno lake la kwanza? "Leo hujanipunja sukari."

Mwenye duka la vipuri aliona yote dirishani. Kabla jua halijatua mtaa mzima unasema namlisha mama mkwe kwa chombo chake kama mbwa wa ulinzi mpaka kaanguka. Mimi! Mimi ninayesema watu, leo nasemwa mimi! Nikipita gengeni wananyamaza, na mimi najua maana ya kunyamaza gengeni, nimenyamaza sana pale.

Nimefunga sahani kabatini, mama karudi kwenye sinia. Mboga zimeongezeka, wali nimepunguza, lakini bado mkono wake hautoki mpaka sinia iwe kavu. Nampikia kidogo anamaliza, napika zaidi anamaliza. Namtazama kaka yako, naye ananitazama. Mei inakuja, wifi, inakuja mbio.

Kiuno wifi, kiuno. Kipimo cha zamani ni cha siku nilipoolewa mimi.

Wako,
Cherehani


11 Aprili

Wewe wifi,

Dereva kasimama mbele ya lango la jikoni, mbele ya wenzangu wote, akaniambia mama yangu analishwa pembeni kwa sahani ya paka na amezimia. Anacheka huku anasema. Kumbe barua yako ilikuwa mfukoni mwake tangu majuzi, alisahau kunipa!

Mimi sikusema umtenge mama. Niliandika KULENI. Kuleni ni watu wote. Kila mtu angekuwa na sahani yake, mama asingeona kitu. Ulikuwa unasoma au ulikuwa unaongea na watu huku unasoma?

Mimi ndiye ninayekula peke yangu, wifi, miaka yote niliyo huku. Zamu ikiisha nachukua trei, nakula nimesimama karibu na sinki, hakuna anayeniuliza umeshiba, hakuna anayeniambia ongeza. Nakula haraka halafu narudi kuchukua nyingine, sijui natafuta nini ndani yake. Halafu na mama yangu naye amefanywa hivyo, kwenye nyumba ya mwanawe?

Sasa sitaki kusikia kwako wala kwa dereva. Nataka mama mwenyewe aniambie. Mwelezeni ukweli wote kuhusu sukari, acheni mambo ya vipuri. Halafu ushike kalamu, yeye aseme, wewe uandike. Usiongeze neno lako hata moja.

Bosi


19 Aprili

Mwanangu Bosi,

Ninayesema ni mimi mama yako. Kalamu kashika mkamwana wangu.

Kwanza mimi sikuzimia. Mikono ilicheza tu. (Alizimia kidogo, wifi.) Mbona nimenyamaza na kalamu inaendelea kukwaruza? Andika ninayosema mimi. (Naandika.)

Pili, usimgombeze huyu. Alininywesha maji ya sukari huku ananililia masikioni mpaka nikarudi kwa ajili ya makelele. Mwenye duka la vipuri nimemwita hapa barazani, nimemwambia mkwe wangu kaniokoa, aende akatangaze hilo nalo kwa bidii ile ile. (Katangaza! Jana gengeni nimepewa kiti.)

Tatu, jana wamenikalisha, mwanangu na mkewe, nyuso zimewashuka, nazisikia hata kama sizioni. Eti wana neno la kuniambia. Wananiambia nina sukari. Nikawaambia, tangu Machi najua! Daktari si alikuwa anasema mbele yangu? Mimi ni mgonjwa wa macho, masikio yangu ni mazima. Kaka yako akaanza habari za kipuri, nikasema haya, nikamwonea huruma, toka mdogo kudanganya hawezi, sauti inapanda kama ya jogoo. Na tangu siku ile sukari nimeiacha. Chai yote wanayonikorogea, na kile kijiko kimoja cha sukari cha kunidanganyia, naimwaga kwenye chungu cha maua hapo ukutani. (WIFI! Ndiyo maana sisimizi wamejaa barazani! Nimenunua dawa, nimemsema jirani!) Kalamu inakwaruza tena.

Lakini sasa wananiambia hata wali una sukari. Wali! Mimi najua sukari inakaa kwenye kopo na wali unakaa kwenye sufuria. Nimewauliza mara mbili. Basi, daktari kasomea, nakubali, ingawa sijauona utamu wake.

Nne ndiyo kubwa, sikiliza. Mnashangaa kwa nini mkono wangu hautoki kwenye sinia. Mwanangu, na wewe umesahau? Umekaa huko kwenye trei mpaka umesahau ulivyolelewa? Kwetu mkubwa akitoa mkono, chakula kimekwisha. Hakuna anayebaki anatafuna mbele ya mkubwa aliyekwishanawa. Marehemu baba yako alikuwa anashiba upesi, matonge machache katoa mkono, na nyinyi mnainuka na njaa zenu, mnakuja jikoni kulamba sufuria kwa vidole. Nilikuwa nawaona. Nikasema, siku nikiwa mkubwa wa sinia mimi, mkono wangu hautatoka mpaka wa mwisho ashibe.

Basi hicho ndicho ninachofanya. Mimi nashiba mapema, mtu mzima anakula kiasi gani? Lakini nikitoa mkono wajukuu watainuka. Na huyu anayeandika atainuka, ambaye bado hajaanza. Ndiyo, wewe. Andika. Anashika tonge, halafu anaanza habari za mke wa fundi viatu. Tonge linapoa mkononi. Akilitia mdomoni kaingia kwenye habari za mchumba wa nani sijui, aliyekuja na gari la kuazima. Mimi sioni, lakini nasikia, na mdomo unaosema nasikia kwamba hauli. Sasa nifanyeje? Nimlaze na njaa mtoto wa watu, aende kusema kwao tunamnyima? Nakula. Nakula, namsubiri amalize umbea.

(Wifi kalamu imenidondoka, imeingia chini ya kiti, nimeitafuta huku nacheka na kulia. Lazima niandike, unisamehe, hata mama kaniruhusu. Kwetu mimi nilikozaliwa kila mtu anakula anashiba anaondoka, hiyo sheria sikuijua, na kaka yako hakunieleza, yeye anadhani kila mtu duniani kazaliwa nayo. Alichoniambia ni kwamba mama haachwi kwenye sinia peke yake. Basi! Mimi hushiba mapema wifi! Nimeshiba mpaka hapa kooni, kaka yako kashiba, kalegeza mkanda, lakini mkono wa mama bado uko mle, na tunaona aibu mzee abaki anakula peke yake. Tunaendelea. Na mimi naongea ndiyo, naongea ili kusogeza muda, ili nisile sana! Kumbe yeye anatusubiri sisi, sisi tunamsubiri yeye, sinia inakwisha! Miaka yote! Wote tumeshiba na wote tunakula kwa adabu! Na zile pindo wifi, siyo sabuni. Masikini sabuni nimeisema kila mahali.)

Nimemruhusu mara moja tu. Nilipomsikia hayo nilicheka mpaka mbavu zikauma, mwanangu akaja mbio akidhani mikono inacheza tena.

Sasa andika uamuzi. Kuanzia leo mkono wangu utakaa kwenye ukingo wa sinia. Nikishiba natua mkono pale ukingoni. Hautoki, lakini hauchoti. Maadamu uko pale chakula hakijaisha, kila mtu ale, akishiba aache, asiogope. Wa mwisho akishiba ananiambia, ndipo nanawa. Sahani ya paka wampe paka. Na mkamwana atakula kwanza, ndipo aseme.

(Hilo la mwisho nimeliandika kwa shida.)

Mama yako,
kwa mkono wa Cherehani


2 Mei

Mama yangu, na wewe wifi,

Wifi, msomee kwa sauti, mpaka mwisho.

Nimecheka nikaunguza sufuria nzima ya uji wa wodi ya watoto. Msimamizi kaniuliza nini, nikamweleza, naye kacheka, akanisamehe uji.

Mama, nimeikumbuka ile sufuria. Nilikuwa nadhani tunaiba. Kumbe ulikuwa unaiacha na ukoko makusudi.

Sasa kwa vile sinia imerudi, fanyeni hivi. Mboga zizunguke pembeni pote, maharage na samaki zifuate, wali ukae katikati na uwe kidogo, ili mkono ukutane na mboga kwanza kabla haujafika kwenye wali. Mama, vidonge ni baada ya kula, hata kama umekasirika. Ukikasirika kula kwanza, halafu ukasirike. Na utembee kidogo jioni, mpaka gengeni na kurudi, wifi akushike mkono akusimulie njiani, huko ruksa.

Jana nimemwambia mwenzangu, yule muosha vyombo, lete trei yako tukae. Tumekaa kwenye makreti ya nyanya, tumekula pamoja. Alipoacha nikaacha. Sikurudi kuchukua nyingine. Hata yeye kashangaa.

Wifi, uzi uko ndani ya bahasha. Usicheke.

Sukari ikishuka niandikieni siku hiyo hiyo. Isiposhuka msiniandikie, nitajua kwa ukimya.

Mwenu,
Bosi


30 Mei

Wifi wifi wifi!

Nakuandikia! Umeona? Nakuandikia, kwa hiyo umeshajua! Imeshuka!

Niko hospitali, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya macho, naandikia juu ya mkoba, herufi zikiyumba ni mkoba. Dereva Honi yuko nje anasubiri barua hii na lori lake na mizigo ya watu, nimemwambia akithubutu kupiga honi karibu na wagonjwa nitamshona mdomo.

Nianze wapi? Nianzie kwenye sinia. Siku za mwanzo zilikuwa taabu! Mama katua mkono ukingoni, sisi tukasimamisha mikono hewani kama tumepigwa picha. Akasema, "Kuleni, mkono wangu haujaenda popote." Tukala kwa woga. Mwanangu wa mwisho akawa anautazama ule mkono badala ya chakula. Halafu tukazoea, na wifi, chakula kikaanza kubaki! Kubaki kwenye sinia, katika nyumba hii! Siku ya kwanza nilikitazama nikadhani kimechacha, nimeharibu mapishi.

Na mimi sasa! Kula kimya! Hujui nilivyoteseka. Fundi viatu na mkewe wamepatana upya, habari ile nimeishika kinywani chakula kizima, macho yananitoka, watoto wananichungulia wanacheka, na kaka yako, yule asiyesema, ndiye sasa kapata nafasi ya kuongea. Kumbe ana hadithi! Kumbe mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa anataka kunisimulia habari ya geti lililofungwa likiwa limepinduliwa, mwenye nyumba akalala nje, na miaka yote hii hajapata upenyo. Tumecheka mpaka mama akasahau kutua mkono, akautia kwenye mboga akachukua jani moja, akasema, "Hili la kicheko."

Jioni tunatembea. Mwanzo hadi gengeni, sasa tunapita genge mpaka kwa kinyozi, maana pale pana habari zaidi. Viatu vyake vimelegea. Gauni lake la kijani nimelibana. Mimi kubana nguo, wifi! Nimesahau hata namna yake.

Lakini usidhani watu wamenyamaza. Mama kapungua mashavu, basi wakaanza tena, "Cherehani anamkondesha mama mkwe." Nilitaka kutoka na mkasi. Mama akaniambia niache, akamwita mwenye duka la vipuri, akamkalisha kwenye sinia yetu. Akala. Akashiba, mkono wa mama bado uko ukingoni, naye kwao nao wana sheria hiyo hiyo, akaendelea kula, akaendelea, jasho linamtoka. Mama akamwambia, "Ukishiba acha, hapa si mashindano." Wifi alivyoshusha pumzi! Nasikia sasa mama mkwe wake naye, yule wa kudonoa, ameulizwa kwa nini anadonoa. Kumbe meno! Wamempeleka kutazamwa meno.

Haya, daktari. Tuliingia juzi, mikono yangu mimi ndiyo inacheza. Wakamtoboa mama kidole. Mashine ikafikiri. Daktari akatazama namba, akaifuta ile mashine kwa koti lake, akamtoboa kidole kingine. Akatazama tena. Soksi safari hii zinafanana, nikajua mambo mazuri. Akamuuliza, "Mama, umefanya nini?"

Mama akasema, "Nimemnyamazisha mkamwana."

Daktari akanitazama. Nikafungua mdomo nimweleze yote, sinia, mkono, sisimizi, nikafika nusu tu, akasema sawa sawa, nimeelewa, tunakata. Kasema sukari haijaondoka, hii ni ya kukaa nayo, vidonge na sinia ni hivyo hivyo siku zote. Lakini TUNAKATA. Wifi nilipiga kigelegele tena. Na safari hii nesi akaitikia!

Jana wamemkata. Kaka yako alisimama mlangoni tangu wameingia mpaka wametoka, kashika bawaba ya mlango, anaitikisa, mtu wa watu, akinong'ona kwamba imelegea na inataka kukazwa. Mama katoka kwa miguu yake mwenyewe, bandeji jichoni, anauliza nani kamshikia viatu. Usiku amelala hapa, mimi nimelala hapa kwenye benchi hili hili, asubuhi wamemwita ndani kufungua bandeji. Ndiyo wako naye sasa hivi. Kaka yako kaingia naye, mimi nimeambiwa nibaki nje kwa sababu ya ule ukelele.

Nimekaza macho kwenye mlango. Daktari alisema wengine wanaona vizuri mara moja, wengine ukungu ukungu kwanza, na kuna wachache ambao ndani ya jicho kumeshaharibika na sukari, hilo halionekani mpaka bandeji itoke. Hilo mama hajui. Au anajua, si unamjua mama. Mimi tangu asubuhi naliwaza hilo tu, nakuandikia ili nisiliwaze. Kuna ukimya mle ndani wifi. Siupendi.

Ngoja nikuchekeshe kidogo na mimi nicheke. Uzi wako ulifika. Niliuzungusha kiunoni kwangu, nikaona unazidi kwa vidole viwili tu, nikafurahi nikamwita kaka yako aje aone, tumepishana kidogo tu na Bosi! Gauni nimelishona na nimeacha pindo kubwa ndani, la kutolea au la kubania, utajionea mwenyewe wewe na yule muosha vyombo wako. Msalimie. Mwambie

Wifi mlango umefunguka. Ni nesi, kashika kiuno, kakunja uso, anatazama watu wote wa kwenye mabenchi, anaita, "Nani kaja na yule mama anayesema shuka letu lina doa?"

Doa! Wifi, kaliona doa! Nakuja nesi, ni wangu, ni wetu, naku